Nyumba ya wazee inavuja? Kwa nini Desemba si mwezi wa kutengeneza paa Kagera

Kwa ufupi
- Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri ya kufungua paa, si wakati wa likizo ya Krismasi.
- Kabla ya kununua bati jipya, kagua mbao na kuta. Mara nyingi tatizo limejificha huko.
- Matundu machache huzibwa, ila bati lililooza hubadilishwa.

Bukoba/Muleba. Kila Desemba hali ni ileile. Watoto na wajukuu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Arusha. Siku ya pili mvua inapiga usiku, na bibi anaamka kimyakimya kupanga sufuria na mabeseni pale anapopajua yeye. Hapo ndipo familia inagundua kuwa nyumba inavuja.

Asubuhi fundi anaitwa haraka. Mabati machache yananunuliwa mjini, misumari inagongwa huku mawingu yametanda, kila mtu anashukuru. Wageni wanaondoka Januari. Mvua za Machi zikianza, sufuria zinarudi palepale.

Si lazima fundi awe mbovu. Kazi imefanyika mwezi usiofaa, na imeanzia juu badala ya chini. Haya ndiyo mambo ya kujua kabla hujatuma pesa ya bati nyumbani.

Paa la Bukoba linabeba maji kiasi gani?

Bukoba ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma kwa kawaida haifiki hata milimita 600. Ukiondoka mwambao wa ziwa kuelekea bara mvua inapungua, lakini vijiji vingi vya Bukoba na Muleba vilivyo karibu na ziwa vinaloa kwelikweli.

Piga hesabu ndogo. Milimita 1 ya mvua kwenye eneo la mita 1 ya mraba ni sawa na lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 10 ina mita 80 za mraba. Kwa milimita 2,000, paa hilo linapokea lita 160,000 kwa mwaka. Hata kama asilimia 1 tu inapenya, hizo ni lita 1,600 zinazoingia kwenye mbao, kuta na magodoro.

Halafu kuna Ziwa Victoria. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, mawingu yanajengeka juu ya maji, kisha upepo wa mashariki unayasukuma kuja upande wa magharibi. Ndiyo maana huku radi na mvua kubwa hupenda kuja usiku wa manane na alfajiri, wakati watu wamelala na hakuna anayeona maji yanaingilia wapi.

Kwa nini Desemba ni mwezi mbaya

Kagera ina misimu miwili ya mvua. Masika ni Machi hadi Mei. Vuli huanza mapema kuliko pwani, kuanzia Septemba au Oktoba, na huendelea hadi Desemba. Ni msimu ambao watu wa huku wanausubiri kwa sababu ya senene, lakini kwa fundi wa paa ni mtihani.

Ukifungua paa Desemba, mbao zinaloa kabla hazijafunikwa. Dawa ya mchwa haishiki vizuri kwenye mbao iliyolowa. Lami na silikoni hazigandi kwenye bati lenye maji. Fundi naye anafanya kazi kwa kuvizia mawingu, kwa hiyo anaharakisha.

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo mikavu zaidi. Ukikosa hiyo, Januari na Februari mvua hupungua kidogo na kazi ndogo zinawezekana. Kwa wanaorudi Krismasi, Desemba ni mwezi wa kukagua. Mvua yenyewe itawaonyesha pa kutengeneza. Piga picha, weka alama, panga bajeti ya Juni.

Kutoka nyasi hadi bati

Zamani nyumba ya Mhaya ilikuwa msonge, nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Nyasi zilikatwa kwenye rweya, yaani nyika iliyo kati ya vijiji. Paa la nyasi lilihitaji kuongezewa nyasi mara kwa mara, na moshi wa jikoni ulisaidia kufukuza wadudu. Katika kijiji cha Katuruka, karibu na Maruku, msonge mkubwa wa kifalme ulijengwa upya ili vizazi vya sasa vione jinsi ulivyokuwa.

Kisha kahawa ilileta pesa na bati likaingia. Nyumba nyingi za wazee zinazosimama leo katikati ya vibanja zilijengwa kwa kahawa: kuta za tofali za udongo au za miti na udongo, plasta juu yake, na paa la bati la migongo midogo.

Bati lilionekana kama kitu cha kuezeka mara moja na kusahau. Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Nyasi zilimlazimisha mwenye nyumba aangalie paa lake kila mara. Bati linamfanya asahau mpaka siku linapovuja.

Anza ndani ya nyumba

Usipande juu kwanza. Ingia ndani mchana jua likiwa kali, funga milango na madirisha, subiri macho yazoee giza, kisha tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Weka alama kwa chaki kwenye mbao iliyo karibu. Kama kuna dari, ingia juu yake kwa tochi na ukanyage kwenye mbao tu.

Kumbuka kuwa maji hayadondoki pale yalipoingilia. Yanaingia juu, yanateleza kwenye mbao au chini ya bati, kisha yanadondoka mita moja au mbili mbele. Kwa hiyo ukiona doa juu ya kitanda, lifuate kwa kupanda kuelekea kileleni.

Angalia zaidi sehemu hizi:
- Kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa.
- Pale mapaa mawili yanapokutana na kufanya bonde. Majani yakijaa hapo, maji hufurika kwenda ndani.
- Maungio ya bati na bati.
- Kuzunguka bomba la moshi, nguzo ya antena, au pale sola ilipofungwa. Kila tundu jipya la sola kwenye bati la zamani ni mlango wa maji.
- Juu ya ukuta, sehemu paa linapoukalia.

Mbao kwanza, bati baadaye

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Familia inachanga, mabati yanang'aa, lakini yamepigiliwa kwenye papi zilizooza. Msumari mpya kwenye mbao iliyooza haushiki kitu. Upepo wa kwanza unaondoka na bati na mbao yake.

Chukua bisibisi na uichome kwenye kila kenchi na kila papi, hasa zilizo karibu na ukuta na chini ya maungio. Mbao nzima hukataa. Iliyooza huingiliwa kama ndizi iliyoiva. Gonga pia kwa nyundo: sauti ya uwazi ndani ni dalili ya mchwa. Njia za udongo zinazopanda ukutani nazo zinasema hivyohivyo.

Si lazima kubomoa kila kitu. Kenchi iliyooza kipande kidogo huweza kukatwa hapo na kuungwa kwa kupachika mbao nzima pande zote mbili, zikiivuka sehemu mbovu kwa urefu wa kutosha. Papi hubadilishwa moja moja.

Unaponunua mbao mpya, epuka iliyopasuliwa juzi na bado mbichi. Ikikauka ikiwa juu ya paa itajikunja na kung'oa misumari. Mbao za paini zinahitaji dawa, la sivyo mchwa na unyevu wa huku havitaziacha. Jambo moja muhimu: vipande vilivyobaki vya mbao zenye dawa visiende jikoni kuwa kuni. Baadhi ya dawa hizo zina sumu ya aseniki, na moshi wake ni hatari.

Kuziba au kubadilisha?

Kanuni ni rahisi. Kutu ya juu peke yake haimaanishi bati limekufa. Lisugue kwa brashi ya waya. Kama chuma chini yake ni kigumu, lipake rangi ya kuzuia kutu na litaendelea kufanya kazi. Kama ukilibonyeza kwa bisibisi linatoboka, halina maisha. Lishushwe.

Matundu madogo machache:
1. Sugua kutu kuzunguka tundu, futa vumbi, acha pakauke kabisa.
2. Paka lami ya kuezekea, lalaza kipande cha kitambaa kigumu juu yake, kisha paka lami tena kufunika kingo zote.
3. Kwa tundu dogo kabisa, silikoni ya nje inatosha.

Bati moja lenye matundu mengi libadilishwe lote. Kulundika lami juu ya bati zima ni gharama inayorudi kila mwaka.

Na jambo ambalo mafundi wengi wa haraka hulifanya: kugongelea tena msumari uliolegea. Tundu lake tayari limetanuka, kwa hiyo utalegea tena. Ng'oa, weka mrefu na mnene zaidi au skrubu yenye mpira, au hamisha hatua chache na uzibe tundu la zamani.

Geji na msumari

Dukani utaulizwa geji. Wengi hudhani namba kubwa ndiyo bora, kumbe ni kinyume. Geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Jembamba ni nafuu leo, lakini hukunjika, hutoboka kirahisi na huchanika kwenye msumari upepo ukilivuta. Angalia pia alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na linganisha uzito wa mabati mawili ya urefu uleule kabla hujalipa.

Wakati wa kupigilia, mkumbushe fundi mambo manne:
- Kwa bati la migongo midogo, msumari upigwe juu ya mgongo, si bondeni maji yanapopita.
- Mpira wa msumari ukae sawasawa, usipondwe hadi kupasuka.
- Bati la juu lilalie la chini kwa angalau sentimita 15. Paa likiwa na mlalo mdogo, zifike 20.
- Maungio ya ubavuni yalaliane mgongo mmoja na nusu hadi miwili, na yasielekee upande upepo unakotoka.

Upepo hauanzii katikati

Watu husema upepo "umeezua" nyumba kana kwamba umeipiga kutoka juu. Kinachotokea ni kwamba hewa inayopita kwa kasi juu ya paa hulivuta kwenda juu, na inayoingia kupitia madirisha na chini ya ukingo hulisukuma kutoka ndani. Mvuto huo ni mkali zaidi kwenye kingo, pembe na kilele.

Kwa hiyo kama misumari ni michache, usiisambaze sawa. Pigilia kila mgongo wa pili kwenye kingo na kwenye kofia. Kenchi nazo zifungwe chini kwa waya mnene au mkanda wa chuma unaoshika ukuta, zisiachwe zimekaa kwa uzito wake tu. Kwenye nyumba nyingi za zamani, mbao iliyolala juu ya ukuta haijafungwa na chochote.

Nyufa za 2016 bado zipo

Septemba 10, 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Watu 17 walifariki na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupata nyufa. Nyumba kadhaa za wazee zilipigwa plasta juu ya ufa na maisha yakaendelea.

Hilo linahusu paa moja kwa moja. Ukuta wa udongo ukiwa mkavu unabeba mzigo vizuri. Ukilowa unapoteza nguvu. Paa linapovuja juu ya ukuta wenye ufa, maji yanashuka ndani ya ufa na kuulainisha taratibu, bila dalili kubwa kwa nje. Hatari zaidi ni ule ukuta wa pembetatu upande wa mwisho wa nyumba, ambao mara nyingi umesimama bila kushikwa na kitu.

Ukiona ufa unaopanuka, ukuta unaoegemea nje, au mlango ulioanza kugoma kufunga bila sababu, usipandishe mtu juu ya paa hilo. Muite kwanza fundi mwashi mzoefu au mhandisi wa halmashauri aangalie kuta. Mzee au bibi ahamie chumba kingine wakati huo, hata akisema chumba hicho amelala tangu aolewe.

Kama paa ni la asibesto

Baadhi ya majengo ya zamani, hasa ya taasisi, yana vigae au mabati ya kijivu mazito yasiyo ya chuma. Inaweza kuwa asibesto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema aina zote za asibesto husababisha saratani. Usilikate, usilitoboe, usilisugue kwa brashi kavu, na vipande vyake visitumike kuzibia banda la kuku. Toa taarifa halmashauri kwanza.

Pesa haitoshi? Fuata mpangilio huu

Familia nyingi haziwezi kufanya yote kwa mkupuo. Mpangilio unaookoa nyumba ni huu:

1. Zuia maji yanayoingia kwenye ukuta. Hapa ndipo nyumba huanguka.
2. Badilisha mbao zilizooza.
3. Kaza kingo, pembe na kofia.
4. Badilisha mabati mabovu, ukianza na upande unaopigwa zaidi na mvua.
5. Weka gata ili maji yasichimbe msingi.
6. Dari na rangi mwisho kabisa.

Wengi huenda kinyume. Wanaanza na dari kwa sababu inaficha madoa, na picha yake ni nzuri kwenye grupu la familia. Dari juu ya paa linalovuja inaoza, na inawaficha msione kinachoendelea juu.

Unayetuma pesa kutoka mbali, usiombe picha ya kazi iliyokwisha tu. Omba picha tatu: mbao zikiwa wazi kabla ya kufunikwa, mabati yaliyoshushwa yakiwa yamepangwa chini, na paa lilivyo sasa. Elewana na fundi mapema kuhusu idadi ya mabati, geji na ukubwa wa mbao, na iandikwe.

Kabla ya mtu kupanda juu

- Zima umeme kwenye swichi kuu. Waya uliochubuka ukigusa bati, paa zima linaweza kuwa na umeme.
- Usipande bati likiwa na maji au umande. Subiri jua litoke.
- Kanyaga kwenye mstari wa misumari, kwa kuwa chini yake kuna papi. Katikati ya papi na papi bati la zamani haliwezi kukubeba.
- Ngazi ishikwe na mtu. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja.
- Siku ya upepo, acha. Bati mkononi ni tanga la mtumbwi.

Ratiba fupi ya mwaka

*Agosti, kabla ya vuli:* fagia majani kwenye gata na mabonde ya paa, kata matawi yanayogusa bati, kaza misumari iliyolegea.

*Desemba, familia ikiwepo:* kagua wakati mvua inanyesha, weka alama, pangeni mchango.

*Februari, kabla ya masika:* ziba matundu madogo, angalia mchwa.

*Juni hadi Agosti:* kazi kubwa zote.

Kama mnakinga maji ya mvua, yaacheni yale ya kwanza baada ya kiangazi yapite. Yanasafisha vumbi na vinyesi vya ndege na popo. Ya kunywa yachemshwe.

Na yale mabati yaliyoshushwa? Huku hayatupwi. Mazima kidogo yataezeka banda la mbuzi au jiko la nje, na yanayoteleza bado yatapata kazi kwenye mtego wa senene msimu ukifika.

Nyumba ya wazee ndiyo mahali ukoo unapokutania, kwa harusi na kwa msiba, na makaburi ya waliotangulia mara nyingi yapo hapohapo kibanjani. Anayelala humo siku nyingine zote za mwaka ni mzee au bibi, ambaye mara nyingi hatasema kuwa paa linavuja ili asiwasumbue watoto. Ukipiga simu wiki hii, usiulize tu kama wameamka salama. Uliza usiku wa mvua anaweka sufuria ngapi.